Meli imekufa, au meli amekufa?

Katika Full Thrust, mchezo wa mezani wa vita vya meli za angani uliotungwa na Mwingereza Jon Tuffley, meli za binadamu hupigana hasa kwa miale. Mchezaji hurusha dadu: 4 au 5 humpa pigo 1, na 6 humpa mawili. Umbali ukiongezeka, dadu hupungua. Ngao ya adui nayo hudhoofisha pigo.

Kra'Vak, wageni kutoka nyota nyingine, wana mizinga ya vyuma ambavyo ngao haivizuii. Meli zao hutumia nguvu yote ya injini kugeuka. Za binadamu, nusu tu. Hapo hesabu inatosha.

Sa'Vasku ndio wanaotuhusu sisi wa isimu. Meli zao ni viumbe hai. Kila zamu meli huzalisha nishati, na mchezaji huigawa: ya kwenda, ya kupiga, ya kuponya majeraha. Sasa tukicheza kwa Kiswahili, upatanisho uwe upi? Tazama neno kifaru. Mnyama tunasema kifaru amelala. Gari la jeshi, kifaru kimeungua. Neno ni lilelile, uhai ndio unaoamua. Kwa kanuni hiyo meli ya binadamu imeharibika, lakini meli wa Sa'Vasku amejeruhiwa.

Wenzangu mezani hucheka (meli wa nani?), nami sirudi nyuma. Anayesema "imeharibika" humaliza nishati yote kwa kupiga. Anayesema "amejeruhiwa" hubakiza ya kumtibu.