Bakteria Aliyebaki

Mtoto akichemka homa Kariakoo, Dar es Salaam, dawa haiko mbali. Kutoka Msimbazi mpaka Mtaa wa Kongo, duka la dawa halikosekani. Mama anarudi na kichupa chenye unga mweupe. Anatia maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama, anatikisa, na unga unageuka dawa ya maji yenye harufu ya matunda. Hiyo ni amoksilini, mojawapo ya antibaiotiki. Siku ya tatu mtoto anacheza. Kichupa kinawekwa kabatini kikiwa nusu, kimsubiri mdogo wake augue.

Sasa, wadogo zangu, tuingie tumboni mwa yule mtoto. Humo wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao hawana ubaya wowote. Dawa ikipita inaua wabaya na wema pamoja. Ila katika umati ule huenda yupo mmoja aliyezaliwa tofauti: anatengeneza kimeng'enya kinachoikata amoksilini kabla haijamdhuru. Wenzake wanakufa. Yeye anabaki na nafasi yote na chakula chote, na bakteria aliyepata raha anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Wanawe wote wanarithi kimeng'enya kile. Tena siri hiyo hupewa hata bakteria wa ukoo mwingine, kama mtindo mpya wa kitenge: asubuhi uko kwa muuzaji mmoja wa Kongo, jioni umefika kwa jirani zake. Huo ndio usugu wa dawa.

Siku bakteria sugu akiingia kwenye damu ya mtoto mchanga, mambo huwa mazito. Muhimbili, hospitali isiyo mbali na Kariakoo, watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002. Katika kila watoto 100 wenye malaria, walifariki 20 hivi. Katika kila 100 waliokutwa damuni na bakteria wa kundi la gramu hasi, walifariki zaidi ya 40, na usugu ulikuwa miongoni mwa sababu: dawa waliyoanzishiwa haikuwaweza bakteria wale. Nawaambia haya bila kuyapunguza kwa sababu watoto wale walikuwa na umri wa wadogo zenu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa nyingi tunazomeza hazikuhitajika. Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walipimwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara. Watoto 7 katika kila 10 walikuwa na virusi, na virusi havijali antibaiotiki hata kidogo.

Basi kati ya 2014 na 2016, katika utafiti kwenye kliniki za Dar es Salaam, wahudumu walipewa kishikwambi cha kuwaongoza katika matibabu, kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni, na vipimo vya tone la damu. Kwa matibabu ya kawaida, watoto 95 katika kila 100 waliandikiwa antibaiotiki. Kwa kishikwambi, hawakufika 12. Na je, walionyimwa dawa walizidiwa? Siku ya 7, katika kundi la kishikwambi, ambao matibabu yao hayakufaulu walikuwa 2 hivi katika kila 100; katika kundi lililofuata mwongozo mwingine na kupewa antibaiotiki nyingi zaidi, walikuwa 4.