MKULIMA, PIMA TUMBO LAKO KAMA UPIMAVYO NG'OMBE

Ndugu Mkulima, wewe wajua sana kumtazama ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa aliyekauka, akilishwa mpaka akanenepa kupita kiasi, huzaa kwa taabu, na baada ya kuzaa hukataa chakula na maziwa yake hupungua. Bwana Mifugo amekwambia hayo mara nyingi, nawe umeyashika. Je, umejitazama wewe mwenyewe?

Mimi karani wenu sikujitazama. Kazi yangu ni ya kiti. Siku moja, kwa mzaha tu, nilichukua utepe wa kupimia ng'ombe kifuani nikajizungushia tumboni. Sentimita 108! Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana mwezi ule ule mzee mmoja wa skimu yetu alikuwa amekatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na shamba lake sasa lalimwa na vibarua. Waganga husema kwamba kiuno cha mwanamume kikipita sentimita 102, na cha mwanamke kikipita 88, hatari ya ugonjwa wa sukari na wa moyo huwa kubwa.

Mafuta ya mwili ni ghala. Ukiingiza magunia mengi kuliko unayotoa, ghala litajaa. Basi tuanze kwa hesabu.

Kijiko cha chai huchukua gramu 4 za sukari. Ukinywa vikombe 5 kwa siku, kila kimoja vijiko 3, umekula gramu 60. Kwa siku 30 ni gramu 1,800, yaani karibu kilo 2! Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba ni bora mtu mzima asipite gramu 25 hivi kwa siku, ambazo ni kama vijiko 6. Punguza kijiko kimoja kila wiki, na ulimi utazoea.

Pili, tazama sahani. Nusu yake iwe mboga za majani. Robo iwe ugali, wali au viazi. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Maharagwe hushibisha kwa muda mrefu. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga.

Je, saa za kula zina maana? Katika mji wa Guangzhou, nchini China, watu wanene 139 walipunguziwa chakula kwa mwaka mmoja. Kundi moja liliruhusiwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Habari zake zilitolewa mwaka 2022. Kundi hilo lilipungua kilo 8, na lile lingine kilo 6.3. Wataalamu waliona tofauti hiyo ni ndogo, haitoshi kusema kwamba saa ndizo zilizoleta faida. Basi kipimo cha chakula ndicho kikubwa. Saa hukusaidia kukishika kipimo hicho.

Kwangu tulikuwa tukila saa 3 usiku, ugali mkubwa, kisha kitandani. Nilipomwomba mama watoto apunguze, alidhani nimekidharau chakula chake. Nikamwonyesha utepe. Sasa twala saa 1 jioni, na baada ya hapo ni maji tu. Asubuhi nala vizuri kabla ya kazi, na jioni nashika jembe. Baada ya miezi saba utepe wasema 99. Bado naendelea.

Usifanye haraka. Nusu kilo kwa wiki yatosha. Mama mjamzito au anayenyonyesha, mtoto, na mtu mwembamba wasijinyime chakula. Anayetumia dawa za sukari asiruke mlo kabla ya kumwuliza mganga, maana sukari yaweza kushuka ghafula akaanguka. Na ukikonda bila kukusudia, nenda hospitali upesi.

Ndugu, ng'ombe akiumia waweza kununua mwingine. Mguu wako hauuzwi sokoni. Chukua utepe leo.