Sukari ya Mgonjwa si Alama za Mtihani

Shule zetu zimezoea nambari. Mwanafunzi huingia kidato cha kwanza kwa nambari ya usajili, hulala kwenye kitanda chenye nambari, na mwishoni mwa muhula hubandikwa ukutani pamoja na nafasi aliyoishika miongoni mwa wenzake. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi mwenye ugonjwa wa kisukari anapoitaja nambari nyingine, ile ya sukari iliyomo damuni mwake, wengi huipokea kwa macho yale yale wanayosahihishia karatasi za mtihani. Akisema 6, anapongezwa. Akisema 17, anakunjiwa uso na kuulizwa amekula nini. Mtoto akishaulizwa swali hilo mara tatu nne mbele ya wenzake, hujifunza jibu lake upesi: siku inayofuata atasema 7, na hakuna atakayemwuliza lolote.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu maradhi yenyewe. Kisukari kinachowapata watoto na vijana aghalabu ni kile cha aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili hushambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Bila insulini, sukari hubaki damuni na mwili hufa njaa ingawa tumbo limeshiba. Ugonjwa huu hauletwi na peremende wala na uzembe wa mama mzazi, na mganga anayedai kuuponya kwa mitishamba anacheza na roho ya mtoto. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa insulini katika hospitali mjini Toronto, Kanada, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Leo mwenye nao huweza kusoma, kufundisha, kukimbia na kuzeeka, almuradi apate insulini kila siku na ajue sukari yake imefika wapi. Ili kujua, hudunga ncha ya kidole, hutia tone la damu kwenye kijikaratasi maalumu, na mashine ndogo inayotoshea kiganjani humpa jibu kwa sekunde chache. Kabla ya mlo hutarajiwa iwe takribani baina ya 4 na 7, ijapokuwa kila mgonjwa hupangiwa kiwango chake na daktari.

Je, nambari hiyo hutokana na nini? Chakula, naam. Ugali ni wanga, na wanga hugeuka sukari. Uji wa asubuhi huipandisha upesi kuliko githeri yenye maharagwe mengi. Lakini chakula ni sehemu tu ya hesabu. Malaria huweza kuipandisha hata kama mgonjwa hajatia kitu kinywani. Hofu ya mtihani nayo huweza kuipandisha, kwa kuwa mwili ulioshtuka huiachilia sukari iliyowekwa akiba kwenye ini. Homoni za balehe huipunguzia insulini nguvu, na wasichana wengi huona tofauti siku za kukaribia hedhi. Mbio za jioni huishusha, pengine saa nyingi baadaye, bweni zima likiwa limelala. Kijana anaweza kula sahani ile ile na kujidunga kipimo kile kile Jumatatu na Jumanne, akapata 6 leo na 13 kesho. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mlingano hapa atachoka bure. Nambari hii ni kama kipimajoto kilichotundikwa nje ya dirisha: hutueleza hali ilivyo ili tujue tuvae nini. Nani amewahi kukigombeza kipimajoto?

Mwaka wa 1984 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu angelielewa mara moja. Waliwapa wagonjwa mashine za kupimia zenye kumbukumbu iliyofichwa, kisha wakalinganisha yaliyomo mashinani na yale ambayo wagonjwa wenyewe waliyaandika daftarini. Wengi walikuwa wamezishusha nambari zao, na baadhi waliandika vipimo ambavyo mashine haikuvifanya kamwe. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na methali hiyo hurushiwa wenye kisukari kila uchao. Nami nina swali kwa wanaoirusha: ni nani aliyemfunza mgonjwa kuficha?

Hasara ya 7 ya uongo ni kubwa. Daktari hukadiria insulini kwa kulitazama daftari. Akiona 7 kila asubuhi, haongezi wala hapunguzi. Huko kliniki kuna kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita, nacho hakijui kumpendeza mtu. Hapo kijana huumbuka, lakini miezi hiyo imekwisha kupita. Uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka wa 1993, uliowahusisha wagonjwa 1,441 wa aina ya kwanza, ulithibitisha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu hupunguza sana madhara ya macho, figo na neva. Kijana wa miaka 15 anayeandika nambari za kubuni anaweka rehani macho ambayo atayahitaji akiwa na miaka 35.

Sukari iliyopanda huharibu polepole kwa miaka, ingawa ikipanda mno insulini ikakosekana huweza kuua kwa siku chache. Iliyoshuka haina subira hata kidogo. Chukulia mwanafunzi wa kidato cha pili aliyecheza kandanda alasiri, kisha akaketi kwa masomo ya jioni. Mikono inaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anajibu maswali ovyo, na mwalimu wa zamu akimwuliza jambo anafoka. Mwalimu asiyejua ataona utovu wa nidhamu, au hata ulevi, naye atampigisha magoti nje ya darasa. Sukari ikiwa chini ya 4, dawa yake ni vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na asiachwe peke yake. Akiwa amezirai, asitiwe chochote kinywani, akimbizwe hospitali. Haya yote hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu aliyeambiwa mapema.

Lakini tazama kanuni zetu. Katika shule nyingi za bweni ni marufuku kuweka chakula bwenini, na kiranja akipekua sanduku akakuta glukosi hutaka kujua imeingiaje. Sindano nazo huzua uvumi wa dawa za kulevya kabla ya jua kutua. Siku hizi kuna vifaa vya kubandikwa mkononi vinavyosoma sukari mchana na usiku na kuituma kwa simu ya mzazi aliye mbali; walio na uwezo wa kuvinunua ni wachache, na hata hao huviacha nyumbani kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Kanuni hizi zina sababu zake nami sizibezi, ila shule inayomnyang'anya mtoto simu ndiyo iliyochukua wajibu wa kuifikisha nambari hiyo kwa mamaye. Ujumbe mmoja wa jioni kutoka kwa matroni au mwalimu wa darasa, wenye nambari nne za siku hiyo bila neno la lawama, watosha.

Wala simaanishi kwamba maradhi ya mtoto yatangazwe kwenye gwaride. La hasha! Nambari ni ya mwenyewe, mzazi, muuguzi, na mwalimu mmoja au wawili ambao yeye mwenyewe ameridhia. Jirani yake wa dawati hana haja ya nambari. Anachohitaji ni kujua dalili, na mahali sukari ilipo. Waliosalia waambiwe tu kwamba mwenzao ana ruhusa ya kunywa kitu darasani.

Jambo la kuhifadhi insulini limewatisha wazazi wengi hadi wakawanyima watoto shule za bweni, kwa kuwa bwenini hakuna friji. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinafaa kukaa kwenye friji ya zahanati ya shule. Iliyokwisha kufunguliwa haina udhaifu kama inavyodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, uliotumia vipimo vya joto vilivyochukuliwa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, ulionyesha kwamba insulini iliyofunguliwa hubaki na nguvu zake kwa wiki nne katika joto la kati ya nyuzi 25 na 37. Ikiwa yawezekana Dadaab, sembuse Nyeri? Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, kama ule wa maji ya kunywa, huipoza zaidi.

Walimu nao si salama, maana kisukari cha aina ya pili huwaandama watu wa makamo, na majilisi ya walimu ndiyo mahali ambapo chai huja tayari imetiwa sukari katika birika, ikifuatwa na sinia ya mandazi. Mwalimu mgonjwa huinywa kwa kuona haya kuomba yake. Akiweka mashine yake mezani saa nne, akapima, akaitaja nambari yake kama mtu anayetaja saa, atakuwa amemfundisha yule mwanafunzi wa kidato cha pili zaidi ya hotuba kumi za Novemba 14, siku ya kisukari duniani.

Na litazamwe daftari lenyewe. Liwe na nafasi ya nambari, na kando yake nafasi ya maneno machache: mbio, homa, mtihani, chakula kilichelewa. Msomaji mwema wa daftari hilo huangalia pia panapokosekana nambari. Kila kijikaratasi cha kupimia hutumika mara moja tu kisha hutupwa, na bei yake huzishinda familia nyingi. Ndiyo sababu madaftari mengi hujaa mwanzoni mwa mwezi na kuwa matupu kuanzia tarehe 20. Mwalimu akiona utupu huo, swali lake la kwanza liwe ni vijikaratasi vingapi vimesalia.