Waya wa ardhi: kwa nini usiachwe, hata kwenye mawe ya Masisi

Katika vilima vya Kirolirwe, kwenye barabara ya Sake kuelekea Kitshanga, wafugaji wengi hawangoji tena nguzo za umeme. Wanaleta pano za jua, batri na konvertisa. Wenye uwezo wanawasha jenereta kwa kusaga mahindi, kuvuta maji ao kuangaza fasi ya kukamulia. Mara nyingi fundi anaunganisha nyaya mbili tu: mmoja wa kuleta umeme, mwingine wa kuurudisha. Waya wa tatu, ule wa kijani na manjano, unakatwa. Taa zinawaka, mwenye nyumba analipa, basi kazi imeisha.

Lakini huo wa tatu ndio unaolinda watu na mifugo.

Waya huu unafanya nini? Tuseme mashine ya kusaga ina waya uliochubuka ndani, unagusa chuma. Mashine inaendelea kufanya kazi, hakuna anayejua. Sasa chuma chote kina umeme wa volti 220. Mama anayeshika mashine akiwa miguu wazi kwenye udongo mbichi anakuwa njia ya umeme kuteremka. Waya wa ardhi, ambao mafundi wengi wanauita tere ao masi, unaupa umeme ule njia nyingine, nyepesi kuliko mwili wa mtu.

Hata hivyo, kupiga chuma kwenye udongo peke yake haitoshi. Hesabu yake si ngumu. Ardhi inazuia umeme, na kizuizi hicho kinapimwa kwa omu. Ikiwa chuma chako kina omu 100, umeme wa volti 220 utapitisha pale ampea 2 tu na kidogo. Disjonkta ya kawaida ya ampea 16 haitashituka, kwa sababu kwake hizo ni sawa na taa chache. Hatari inabaki palepale.

Ndiyo maana inatakiwa disjonkta ya diferansieli. Hii inalinganisha umeme unaoenda na ule unaorudi. Ikiona miliampea 30 zimepotea njiani, inakata kabla moyo wa mtu haujaharibika. Ina kibonyezo cha kujaribu, chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi, isipokata, ibadilishwe.

Kwa jenereta kuna mtego mmoja. Umeme uliopotea unatafuta kurudi kule ulikotoka. Ikiwa waya wa nötri wa jenereta haukuunganishwa na ardhi, hauna njia ya kurudi, na diferansieli haioni kitu. Jenereta ndogo ikilisha chombo kimoja tu, si neno sana. Ikilisha nyumba nzima na zizi, fundi anayeijua kazi lazima aunganishe nötri na ardhi mwanzoni, mbele ya diferansieli. Konvertisa inayotoa volti 220 nayo ichunguzwe vilevile, maana zote hazifanani. Taa ndogo za volti 12 zenyewe hazina hatari hiyo ya kupiga mtu.

Na kwenye mawe? Mwaka 1938 hadi 1940 lava ya Nyamulagira iliteremka mpaka ziwa Kivu karibu na Sake, na fasi nyingi za eneo hili chuma cha mita 2 hakiingii. Jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Pale usilazimishe chuma kusimama. Chimba mfereji mahali penye udongo, laza waya mtupu wa shaba mita nyingi, funika kwa udongo laini, si kwa changarawe. Bonde lenye unyevu ni bora kuliko kilele. Vyuma kadhaa vilivyoachana na kufungwa pamoja vinasaidia kuliko kimoja. Usitegemee bomba la maji: mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki.

Ngombe anaumia upesi kuliko mtu. Miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana zaidi ya mita moja. Umeme ukisambaa ardhini, mguu mmoja unakanyaga volti nyingi, mwingine chache, na tofauti hiyo inapita kifuani, kwenye moyo. Ngombe anayekataa kuingia fasi ya kukamulia, ao anayerukaruka akigusa chombo cha maji, anaweza kuwa anasikia umeme ambao mtu mwenye viatu hausikii. Kwa hiyo vyuma vyote vya zizi, bati, bomba na nguzo, vifungwe pamoja kwa waya mmoja mpaka ardhini. Waya wa umeme wa kufungia mifugo uwe na ardhi yake peke yake, mita 10 ao zaidi kutoka ile ya nyumba.

Radi ni jambo lingine, na huku si dogo. Utafiti wa setilaiti uliotangazwa mwaka 2016 uliweka Kabare, Kivu ya Kusini, ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Sake nayo ilikuwa kati ya kumi za kwanza. Diferansieli haizuii radi. Waya wa miba mrefu unaweza kuileta toka mbali, kwa hiyo ukatwe vipande na nguzo za chuma zipigwe ardhini mara kwa mara. Ngurumo zikianza, ondoa kundi kwenye uzio na chini ya mti ulio peke yake, na uchomoe vyombo vya umeme.

Ngombe wanne wakifa chini ya mti mmoja, kuna wanaosema jirani ameituma radi, na ugomvi unaanza. Kabla ya kumshitaki mtu, angalia uzio, mti na ardhi iliyolowa.