Nzi wa ndizi hawafuati ndizi, wanafuata hamira

Uliacha ndizi mezani Ijumaa, Jumapili ukapata nzi wadogo wamejaa juu yake kama abiria wa matatu jioni. Wengi wetu tunaamini wamefuata ndizi. Kumbe anayewaita ni hamira.

Ndiyo, hamira, ndugu ya ile ya mkate. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vinaishi hata kwenye ngozi ya matunda. Tunda likiiva na kupasuka, vinakula sukari yake na kutoa pombe pamoja na harufu tamutamu. Nzi hana pua. Ana vipapasio viwili kichwani, vimejaa vinywele vyenye vitundu vidogo sana. Harufu inapenya humo, inaamsha mishipa ya fahamu, na ubongo unajua msosi uko wapi.

Sasa hamira inapata nini hapo? Haina miguu wala mabawa. Mwaka wa 2014 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliondoa jeni yake moja, ATF1, inayosaidia kutengeneza harufu ya matunda. Nzi wakapoteza hamu nayo. Ile yenye harufu ndiyo iliyobebwa zaidi mwilini mwa nzi na kusambazwa. Yaani hamira inaita boda, nauli inalipwa kwa msosi.

Jikoni hiyo ni stori ya kuchekesha. Kwa mkulima wa stroberi si mchezo. Kuna jamaa yao, Drosophila suzukii, asili yake Asia, aliyeonekana Ulaya na California mwaka wa 2008 na ameshapatikana Kenya pia, Kaunti ya Nakuru. Wenzake husubiri tunda lioze. Jike huyu ana kitu kama msumeno nyuma, anapasua tunda zima linaloiva na kutaga ndani. Funza wakiwa humo, dawa ya kunyunyiza haiwafikii.

Ndiyo maana hutegwa kwa harufu ileile: maji ya uvuguvugu, sukari, hamira, na tone la sabuni ili nzi akitua azame. Jaribu nyumbani leo. Shambani usidanganyike, kikombe kimoja kinashindana na mamia ya matunda yanayonukia. Mtego unakuonyesha kwamba nzi wamefika, basi. Kazi kubwa ni kuokota yale yaliyoanguka, kuyafunika kwa karatasi ya plastiki isiyopitisha hewa na kuyaacha juani hadi funza wafe.