Farasi Mwepesi na Hatamu Isiyo na Chuma

Farasi anayerusha kichwa kila ukigusa vigwe, anayetafunatafuna mdomo mtupu na kwenda upande kabla hujamwambia lolote, wenyewe humwita mkorofi. Mimi humwita mwepesi, na kabla hajabadilishiwa chombo chochote kichwani huomba kwanza daktari amfungue kinywa.

Kati ya meno ya mbele na magego ya farasi kuna pengo refu lisilo na jino, na hapo ndipo lijamu, yaani chuma cha kinywani, hukaa. Ukingo wa utaya mahali hapo ni mwembamba, umefunikwa na ufizi tu, hauna nyama ya kuukinga. Utafiti wa Finland uliotolewa mwaka 2019 uliwachunguza farasi 261 wa mbio za matiti, wale wanaokokota kigari, mara tu walipomaliza kushindana. Asilimia 84 walikuwa na majeraha mapya sehemu ambazo lijamu hugusa. Hao ni farasi wa mashindano, si wa matembezi ya Jumapili, lakini kinywa ni kilekile. Tena baadhi ya farasi huota kijino mbele ya gego la kwanza, na chuma kikigongana nacho ni mateso. Kikishang'olewa, huenda ukorofi wote ukaisha na fedha za hatamu mpya zikabaki mfukoni.

Akiwa mzima wa meno na bado anakichukia chuma, ajaribiwe bila lijamu. Si jambo la juzi. Wachunga ng'ombe wa California, waliorithi ujuzi wa Wahispania, walimfunza farasi mchanga kwa bosali, yaani kitanzi cha ngozi mbichi iliyosukwa kinachokaa juu ya pua. Lijamu ilikuja baadaye, meno ya utoto yakiisha kung'oka, karibu na umri wa miaka 5.

Lakini wengi husikia "bila lijamu" wakaelewa "bila maumivu". Nguvu ya mkono haipotei. Inahamia puani, utosini na chini ya kidevu. Na pua ya farasi si ya kuchezea, kwa sababu hapumui kwa mdomo. Weka kidole gumba juu ya pua yake, ukishushe taratibu kuelekea matundu. Utasikia mfupa, halafu mfupa unazidi kuwa mwembamba, halafu unabonyea: hapo umefika kwenye gegedu. Ukanda ukae juu zaidi ya hapo, vidole viwili hivi chini ya ncha ya ule mfupa unaotokeza shavuni. Ulegee kiasi cha vidole viwili kupita juu ya pua, lakini usilegee hadi ukazunguka na kumgonga jicho.

Kwa farasi mwepesi napendelea aina iliyo rahisi kuliko zote: ukanda wa ngozi laini wenye pete kila upande, vigwe vikifungwa humo. Ukivuta kushoto, pua inakwenda kushoto. Ukiachia, anajua umeachia. Ile ya kamba zinazopishana chini ya taya, iliyotangazwa sana na Robert Cook, aliyekuwa profesa wa tiba ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, huwafaa baadhi, ila kamba zake huweza kukawia kulegea, na farasi wa aina hii hana subira ya kungoja. Hakamoa ya chuma, hatamu isiyo na lijamu lakini yenye mikono mirefu na mnyororo kidevuni, huzidisha mvuto wa mkono mara kadhaa. Mikononi mwa anayeanza, heri lijamu laini kuliko hiyo.

Farasi waliostaafu mbio, kama wale wanaotoka Ngong, Nairobi, wana historia yao. Wamezoea kuegemea lijamu wakiwa kwenye shoti, kwa hiyo ukivuta ili wapunguze, wao huelewa waongeze. Kuwaondolea chuma ni kuwafutia somo hilo, lakini somo jipya huanzia chini. Simama ubavuni mwa farasi, vuta kigwe kimoja kidogo, na sekunde ile ile anapogeuza shingo, achia. Akishajua pande zote mbili, panda ndani ya uzio: kwanza hatua, kisha matiti, shoti iwe ya mwisho. Kumsimamisha, kaa mzito kwenye tandiko na utoe pumzi, ndipo vidole vifunge kigwe. Mtu anayejishikilia kwa vigwe ili asianguke arudi kwanza kujifunza kukaa.

Ukishuka, pitisha kiganja pale ukanda ulipokuwa. Nywele zilizolala si kitu. Uvimbe au manyoya yaliyokatika maana yake ukanda umebana au umeshuka mno.

Kwa mashindano, soma kanuni kabla ya kulipia. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, huruhusu hatamu zisizo na lijamu katika kuruka vizuizi na katika mbio za masafa marefu zinazopendwa sana nchi za Ghuba. Kwenye dresaji ya kimataifa, yaani mashindano ya utii na miondoko ya farasi, lijamu bado ni lazima, ingawa Uholanzi inawaruhusu wapandaji wake kushindana bila chuma katika mashindano ya ndani.