Kamera ya zamani ya filamu: ipime kabla hujatoa hela

Msikilizaji wetu mmoja wa Kidahwe ametutumia picha ya kamera aliyoikuta kwa muuza mitumba. Anaombwa shilingi 40,000. Anataka kuinunua apige picha za harusi, kwa sababu amesikia kuwa picha za filamu zimeanza kupendwa tena. Anauliza: ni mali au chuma chakavu?

Kamera yenyewe ni Yashica Electro 35, ya Kijapani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966. Ni katika ukoo wa kamera za kupima umbali. Ukichungulia tundu la nyuma unaona doa la njano katikati, na ndani ya doa hilo kitu unachopiga kinaonekana mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka zile sura mbili zikae juu ya nyingine na kuwa moja. Hapo umepata umbali sahihi. Kama doa halionekani kabisa, au sura hazikutani hata ukizungusha pete mpaka mwisho, shusha bei au achana nayo.

Ila kabla ya yote, usifungue mgongo wa kamera. Zungusha polepole kile kitufe cha kurudishia filamu, kilicho juu upande wa kushoto, ukifuata mshale. Ukisikia kinakaza, ndani kuna filamu ya mtu, na mwanga ukiingia picha zote zinaungua. Bonyeza kwanza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, kisha zungusha mpaka kilegee kabisa, ndipo ufungue. Filamu hiyo inaweza kuwa na sura za watu ambao wameshatangulia mbele ya haki, na za nyeusi na nyeupe hustahimili miaka mingi kuliko za rangi. Muuzaji akiwajua wenyewe, warudishiwe.

Sasa upimaji. Muuzaji atavuta mkono wa kusogeza filamu, atabonyeza, italia, naye atakwambia nzima hiyo. Hapa ndipo wengi wanaliwa. Electro 35 inalia hata bila betri, lakini kwa kasi moja tu, 1/500 ya sekunde. Kulia kwake hakujathibitisha kuwa umeme wa ndani unafanya kazi, na umeme huo ndio unaopima mwanga na kuchagua kasi.

Kwa hiyo nenda na betri zako. Kamera hii ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 5.6, ambayo haitengenezwi tena kwa kuwa zebaki ni sumu (ni ileile wanayotumia wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu). Badala yake chukua betri nne za kitufe zilizoandikwa LR44 au AG13, zile za vikokotoo na vichezeo vya watoto. Zikipangwa kwa mstari zinatoa volti 6, na kamera inazikubali. Ni nyembamba na fupi kuliko ya asili, hivyo zizungushie karatasi ngumu, na nafasi inayobaki ijaze kwa springi ndogo. Bonyeza kitufe cha kupimia betri kilicho nyuma: taa ikiwaka, endelea. Isipowaka, angalia vyuma vya betri. Kutu ya kijani hutoka kwa pamba yenye siki kidogo.

Sikiliza pia unapovuta ule mkono. Lazima kitu kilie "tak" ndani. Kisipolia, kuna kipande cha mpira kimeoza, na hiyo ni kazi ya fundi.

Halafu washa tochi ya simu, imulike lenzi. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na huku kwetu kando ya ziwa unyevu wa masika huwalea vizuri sana. Wachache pembeni hawadhuru. Wakitanda katikati, picha zitafifia. Sponji nyeusi za mlangoni, ambazo kwa umri huu huwa zimekuwa kama lami, zisikutishe: zikwangue kwa kijiti na spiriti, kisha bandika uzi mweusi wa sufu. Usitie mafuta ya cherehani popote. Yakifika kwenye shata yanaigandisha.

Ukikutana na Zorki au FED, za Kisovieti, nyingi hazihitaji betri. Vuta kwanza mkono ndipo ubadilishe kasi, la sivyo unaweza kuvunja mitambo. Shata yake ni ya kitambaa, na lenzi ikitazama jua bila kifuniko huitoboa.

Gharama kubwa haiko kwenye kamera, iko kwenye filamu. Ng'ambo, filamu moja ya rangi ya Kodak ya picha 36 huuzwa dola 10 au zaidi, sawa na shilingi 25,000 hivi kabla ya usafirishaji, na kuisafisha bado. Kwa harusi, ambayo hairudiwi, sisi hatumshauri msikilizaji wetu aanze nayo. Kwa picha za nyumbani na za kumbukumbu, taa ikiwaka, 40,000 si mbaya. Isipowaka asizidishe 15,000, na bado asiitupe: akiweka filamu yenye namba 400 na tundu la lenzi kwenye 16, ile kasi moja ya 1/500 inatosha kabisa kwa jua la mchana pale Kibirizi.

Apate kwanza studio itakayosafisha filamu hiyo, hata ikiwa ni ya kutuma kwa basi, ndipo alipe. Na filamu iliyokwisha kupigwa aitunze kwenye kopo kavu kivulini, si juu ya dashibodi ya gari.